Bakuli la Mtu Aliye Baharini

Ukiingia mara ya kwanza nyumbani kwa mzee utakayemtunza, kabla hujafungua friji, kabla hujasoma vibandiko vya dawa, tazama viatu vyake. Soli ikilika upande mmoja, jua anaburuta mguu na hajamwambia mtu. Kamba zikifungwa fundo la mtoto wa shule, kuna mwingine anayemvalisha. Ukikuta tope bichi kwenye kisigino, na watoto wake wamekuapia kwamba baba hatoki nje, basi baba anatoka.

Nimewafundisha wengi hivyo, na bado ni mafunzo mazuri. Lakini nitawaeleza pia habari za siku ambayo viatu vilikaa mlangoni, vimepangwa sawasawa, na mwenye viatu hayupo. Mpaka leo nikipita karibu na maji yenye kasi, nageuza uso.

Mimi nimestaafu. Mgongo wangu ulinitangulia kustaafu, kwa sababu sisi tulioanza zamani tuliinua watu kwa mikono. Ninyi mnaohitimu sasa mna mashine ya kuinulia, mna mkanda wa kumshika mgonjwa kiunoni, mna simu inayowasemea kwamba mmeingia kazini na mmetoka. Sisi tulikuwa na Mama Bea.

Mama Bea alikuwa mwanamke wa Bukavu, mwili mkubwa, sauti ndogo, na ndiye aliyenishika mkono nilipoanza kazi hii Maryland. Alinifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani kwa kuvuta shuka badala ya kumvuta mtu. Alinifundisha kupasha mikono yangu makwapani kabla ya kumgusa mzee wakati wa baridi. Na alinifundisha kanuni aliyoirudia kuliko sala zake.

"Sikia, mama," alikuwa akisema. "Mugonjwa usimubishie. Akisema leo ni sikukuu ya Noël, bon, ni Noël. Unamupatia gâteau, keki kidogo, anakula, mambo inaisha."

Kanuni hiyo ilitukaa vizuri sisi watu wa kwetu. Nani kati yetu alilelewa kumbishia mtu mzima? Singida nilikozaliwa, baba mkubwa akisema mbuzi yule ni mweupe, unamtazama mbuzi mweusi tii na unasema ndiyo, baba. Tulipokwenda darasani hapa tukaambiwa kwamba mzee aliyechanganyikiwa hapingwi, tulitazamana tukacheka. Kumbe Marekani wanatoa cheti kwa adabu ya nyumbani.

Ni kanuni nzuri, na mtaihitaji. Kwa mtu mmoja tu haikufaa, na nilichelewa kuliona hilo.

Mtu huyo alikuwa Mzee Hamada. Mama Bea aliposikia jina alidhani ni Mwarabu wa Pemba, akaniuliza kama anakula nguruwe. Nikamwambia ni Mjapani. Alikuwa fundi wa injini katika meli za mizigo maisha yake yote, akaoa Mmarekani, akamzika, akabaki peke yake katika nyumba ya ghorofa Bladensburg, hatua chache kutoka mto Anacostia. Alikuwa amepita miaka themanini. Mtoto wake mmoja, Emi, alifanya kazi Sterling, ng'ambo ya Virginia, katika moja ya yale majengo makubwa yasiyo na madirisha wanamohifadhi kompyuta. Kutoka huko hadi Bladensburg, foleni ikiwa mbaya, mtu angeweza kuzaa njiani.

Siku yangu ya kwanza nilimpa chakula cha mchana: wali, samaki, supu. Kabla ya kula, alichukua bakuli dogo jingine, akatia wali, akaliweka upande wa pili wa meza pamoja na vijiti vya kulia. Alipomaliza kula nikaondoa vyombo, na ule wali ambao haukuguswa nikaurudisha sufuriani, maana kwetu wali hautupwi. Alinitazama kama nimemwaga mchanga ndani ya sufuria.

"Hilo lilikuwa la baba," alisema.

"Samahani, mzee. Baba yuko wapi?"

"Baharini."

Mimi, mwanafunzi wa Mama Bea, nikajibu kwa upole: "Haya, mzee. Atarudi jioni?"

"Usiwe mjinga," alisema. "Nitazame nilivyo. Baba yangu atarudi jioni ipi?"

Kisha akanieleza. Kwao mtu akiwa safarini, nyumbani humpakulia chakula chake kila siku ili asikae na njaa huko aliko. Baba yake alikuwa mvuvi wa pwani ya mashariki ya Japani. Hamada akiwa mtoto, baba alitoka na wenzake katika boti ya mbao, tufani ikapiga, na hakikurudi kitu, hata ubao. Mama alipakua bakuli lile mpaka alipokufa. Hamada akalipokea, akalipakua melini, na sasa analipakua Bladensburg.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mama yangu hakuwahi kupika chakula cha waliopo tu.

Ukutani mwake kulikuwa na ramani kubwa ya bahari ya Pasifiki, Japani upande huu, Amerika upande ule, na buluu tupu katikati. Kila siku, baada ya dawa, alinyoosha fimbo yake kwenye ile buluu na kuniuliza: "Je, inawezekana baba alifika?"

"Ndiyo, mzee. Inawezekana."

Wiki zikapita hivyo. Siku moja aliweka kijiko mezani.

"Supu ya leo ikoje?"

"Nzuri, mzee."

"Haina chumvi hata chembe. Nimekuona ukiionja na kukunja uso. Wewe unakubaliana hata na supu." Akanisogezea bakuli. "Emi ananiambia ndiyo kwa sababu anadhani akili imeniisha. Daktari ananiambia ndiyo kwa sababu ana haraka. Wewe unaniambia ndiyo kwa sababu gani?"

"Kwa heshima, mzee."

"Basi niheshimu. Nibishie."

Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi. Kumbishia mzee ni kama kutembea kichwa wazi kanisani, mwili wenyewe unakataa. Lakini kesho yake aliponyoosha fimbo nikavuta pumzi.

"Mzee, mimi bahari niliiona mara ya kwanza kwenye dirisha la ndege. Lakini kwetu kuna ziwa la chumvi. Nimeona ng'ombe wamesimama mbele ya maji mengi, ulimi nje, hawana pa kunywa. Baba yako angekunywa nini?"

Alishusha fimbo. Uso ukamfunguka kama mtu aliyeletewa chai baada ya baridi.

"Mvua," alisema. "Kaskazini mwa Pasifiki mvua haiombwi. Haya, endelea, Bibi Nchi Kavu."

Jina hilo likanishika. Tukabishana miezi, na ninyi mtanisamehe nikiwaeleza kidogo, kwa sababu bila hayo hamtaelewa yaliyofuata.

Alinieleza kwamba pwani ya Japani ina mkondo wenye nguvu, mweusi ukiutazama, unaopanda kaskazini mashariki kama mto ndani ya bahari. Ukiacha Japani hutanuka, hupungua kasi, lakini huendelea kusukuma mashariki mpaka pwani ya Amerika. Chombo kilichovunjika usukani hakiendi kinakotaka. Kinakwenda mkondo unakokipeleka. Baada ya ile tsunami kubwa ya Japani, boti tupu na hata gati zima vilielea hadi upande huu. Na zamani, kabla ya injini, meli za mchele za Japani zilizovunjwa na dhoruba ziliwahi kuelea zaidi ya mwaka na kutupwa pwani ya Amerika zikiwa na watu wachache wanaopumua.

"Walikuwa na mchele," nilimbishia. "Baba yako alikuwa na nini?"

"Nyavu."

"Samaki peke yake? Miezi yote hiyo? Fizi zingeoza, mzee. Nimeona wazee wasiokula mboga."

"Ndicho kilichowaua wale wa mchele," alikubali. "Tumbo limejaa, na mtu anakufa kwa kukosa limau."

Msidhani aliamini kila kitu. Alikuwa na majarida yaliyosema kwamba Wachina au Wajapani wa kale walivuka na kufundisha watu wa Amerika kufinyanga vyungu, kwamba mawe ya nanga za Kichina yameonekana chini ya maji California. Aliyadharau. "Mawe yale wajuzi waliyatazama wakaona ni mawe ya hapohapo," alisema. "Na vyungu kufanana si ushahidi. Wewe na mimi sote tunakula wali, je, bibi yako alimtembelea bibi yangu?" Alitaka maswali yatenganishwe kama nyuzi. Chombo kingeweza kufika? Ndiyo. Mtu hai angeweza kufika? Mara chache sana, ndiyo. Walifika zamani za kale wakaacha kitu? "Hapo usinihadithie. Nionyeshe."

Siku moja nikamuuliza swali ambalo kwangu lilikuwa la kawaida kabisa. Ninyi wenyewe mnaliuliza kila Desemba mnapotafuta tiketi.

"Tuseme alifika, mzee. Angerudi vipi?"

Alichukua fimbo yake. Kisha akasimama, akaburuta mguu wake wa kushoto mpaka kwenye ramani.

"Kwa njia uliyojia huwezi kurudi," alisema. "Mkondo na upepo vyote vinakukataa. Kurudi huanzia kusini. Unashuka kwanza, unakwenda mbali na kwenu, mpaka unakuta upepo unaovuma kuelekea magharibi. Mtu asiyejua atakuona na kusema umepotea."

"Na asiyeweza kushuka kusini?"

"Anabaki."

"Basi kwa watu wa kwao ni sawa na aliyezama," nilisema. "Kufika bila kurudi, nani atajua kwamba ulifika?"

Nilijuta papo hapo. Alilitazama bakuli la pili mezani.

"Mama alisema hivyohivyo," alijibu.

Kubishana kulimfaa. Alianza kunyoa ndevu bila kusukumwa, alikula. Jambo la kushika hapa ni moja: msimbishie mzee mwenye shida ya kumeza akiwa na wali mdomoni. Nilijifunza siku alipotaka kunijibu kuhusu upepo na nusura anifie mkononi. Subirini ameze, mhesabu pumzi, ndipo mchokoze.

Sasa niseme lililokuwa likinitia hofu wakati wote huo. Vuli ile jirani alimkuta kwenye bandari ya zamani ya Bladensburg, ameshika kizuizi cha chuma, anatazama mto. Wanasema meli za baharini zilifika pale zamani, kabla tope halijaijaza. Alipenda mahali hapo, lakini alikuwa ametoka bila kumwambia mtu, na alipoulizwa anakaa wapi alifikiri muda mrefu. Emi alikuja usiku huohuo, akafunga kengele mlangoni, ile inayolia mlango ukifunguliwa. Kisha akaniambia jikoni, na mlango wa jikoni haukuwa umefungwa:

"Sipendi hili. Lakini akitoka tena peke yake na akapotea, nampeleka Gaithersburg. Kuna nyumba ya wazee huko, milango yake inafunguliwa kwa namba."

Mzee alisikia. Tangu siku hiyo aliogopa kitu kimoja, na hakikuwa kifo. "Huko wataliondoa bakuli la baba," aliniambia.

Nami nikaanza kuona mambo. Aliuliza swali moja mara mbili kabla chai haijapoa. Alivaa sweta juu ya sweta. Aliniita kwa jina la marehemu mkewe, akajirekebisha haraka na kunitazama kama nitamsemea. Na nilimsemea. Emi alikuwa na haki ya kujua, na mtunzaji asiyesema anachokiona, afadhali kamera, kamera haili. Lakini kila nilipomwambia Emi, nilihisi Gaithersburg inasogea jirani, na mzee alihisi pia. Nilikuwa nikifika kazini asubuhi nasimama kwanza nje ya mlango, nasikiliza kama anakohoa.

Siku yenyewe sikuwepo. Nilikuwa na jino bovu, na ofisi ikamtuma Wanjiku anishikie zamu. Wanjiku ni binti wa Nyahururu, mwepesi wa mikono na wa kicheko, alikuwa na cheti kipya kabisa. Nilimpa mafunzo yangu asubuhi ile. Nikamwambia: Wajapani hawaingii ndani na viatu wala hawatoki nje na ndara za ndani. Huyu mzee hajawahi kuvuka kizingiti na ndara. Ukiona viatu vyake mlangoni, yumo.

Nilikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, nusu ya mdomo imekufa ganzi, simu ilipoita mara tatu mfululizo.

"Auntie, aki usinikasirikie," Wanjiku alikuwa akihema. "Mzee hayuko."

"Viatu?"

"Ziko kwa mlango! Zote! Si uliniambia viatu zikiwa kwa mlango mzee yuko ndani? Mimi nimekaa nikidhani amelala. Nimeenda kumwamsha, kitanda ni baridi!"

"Na kengele?"

"Nilizima kidogo. Nilikuwa nashuka chini kufua, napanda, nashuka, ikawa inamshtua kila saa." Akaanza kulia. "Na aliniambia, Auntie. Alisema, leo namfuata baba. Nikajua ni ile mambo ya wazee. Nikamwambia sawa babu, safari njema, mwambie tunamsalimia. Akacheka. Tukacheka wote."

Sikumkasirikia. Ningemkasirikiaje? Alifanya kila kitu tulichomfundisha, mama yake kule Nyahururu, darasa la hapa, na mimi. Mzee akisema, unaitikia.

Niliondoka na pamba mdomoni. Nilimpigia Emi, akashindwa kunielewa kwa ile ganzi, ikabidi nimpe mhudumu wa daktari simu amwambie. Emi akasema anaita polisi na anatoka Sterling sasa hivi. Niliendesha gari moja kwa moja mpaka bandarini.

Wanjiku nilimkuta bandarini, koti wazi, anakimbia huku na huku kwenye kizuizi.

"Hayuko hapa, Auntie. Nimeangalia kila mahali."

Upepo ulikuwa wa mwezi wa tatu, ule unaopita kwenye matundu ya sweta. Mvua ilinyesha usiku kucha na mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba matawi. Nilitazama yale matawi yakipita. Sikutaka kuyatazama, na sikuweza kuacha. Kila kitu cheusi kilichopita kilikuwa na mabega.

"Amevaa nini?"

"Sweta. Na slipazi. Auntie, slipazi kwa baridi hii!"

Hapo ndipo sauti ya mzee iliponijia, na fimbo kwenye ramani. Chombo kilichovunjika usukani hakiendi kinakotaka. Tulikuwa tunamtafuta alikotaka kwenda. Nikajiuliza, mzee mwenye ndara zinazoteleza, anayeburuta mguu wa kushoto, upepo mgongoni, njia itamtupa wapi? Kile kiatu chake cha kushoto kilichokaa salama mlangoni kilikuwa kimelika kwa nje. Akichoka, huelemea kushoto. Nikafuata njia ya lami, na kila palipogawanyika nikashika kushoto, mpaka kwenye daraja la waendao kwa miguu. Katikati ya daraja nilikuta ndara moja.

Sitawaeleza nilivyovuka nusu iliyobaki.

Alikuwa ng'ambo, mbali kidogo, anatembea polepole kufuata mto kuelekea kusini, upande wa Washington. Alikuwa ameipa nyumba yake mgongo. Soksi moja ilikuwa imelowa tope mpaka kifundoni. Hapa mjifunze: mzee aliyepotea haitwi kwa nyuma, atageuka aanguke. Nilimpita kwa mbali, nikaja mbele yake nikiinama ili macho yetu yalingane.

"Mzee Hamada."

Alinijibu kwa Kijapani. Hakuwahi kusema nami Kijapani. Alisema maneno mengi, kwa heshima, kama mtu anayemuuliza mpita njia habari fulani, akasubiri jibu. Nikampa kiwiko changu akishike, kama tunavyofanya.

"Ni mimi, mzee. Ni Bibi Nchi Kavu."

Ilichukua muda. Niliona akirudi kutoka mbali, kidogo kidogo, mpaka akafika machoni.

"Narudi nyumbani," alisema kwa Kiingereza.

"Nyumbani kuko nyuma yako, mzee."

Akageuka akatazama daraja. Akatazama njia aliyokuwa akiifuata. Kisha pembe ya mdomo ikapanda.

"Umesahau," alisema. "Kurudi huanzia kusini."

Mpaka leo sijui. Sijui kama alikuwa na hoja hiyo tangu alipovuka daraja, au aliiokota pale mbele yangu kama mtu anayejifunika shuka haraka akisikia hodi.

Tulimketisha kwenye benchi upande wa bandari, koti la Wanjiku mabegani mwake, miguu yake mapajani mwangu naisugua. Emi alifika akikimbia na viatu vya ofisini. Alimkumbatia baba yake, akalia kidogo, akajipangusa. Kisha akaniuliza mimi, siyo Wanjiku, siyo polisi aliyekuwa amesimama pale.

"Niambie ukweli. Alikuwa amepotea?"

Wanjiku alinitazama, macho yananiomba. Na jibu lilikuwepo tayari, tena zuri. Ningesema hapana, alitoka kutembea, alikuwa anarudi kwa njia ndefu. Wangu wote walionilea wangesema hivyo. Mzee mwenyewe alinitazama, na nililijua lile jicho. Ni lile la siku ya supu.

Nikaeleza kwa mpangilio, kwa sababu mambo yakipangwa sauti haitetemeki sana. Nilimkuta wapi. Alivaa nini miguuni. Alikuwa anaelekea upande gani, na alisema nini, na kwa lugha ipi. "Alisema anarudi nyumbani," nilimwambia Emi, "na alikuwa anakwenda mbali na nyumbani. Kwa kitambo hakunijua. Alisema pia neno moja ambalo huenda ni la mtu mwenye akili kuliko sisi sote. Lakini unaniuliza ninavyoona. Ninaona alikuwa amepotea."

Mzee Hamada alifumba macho.

"Ripoti nzuri," alisema. Hakuongea nami tena siku ile.

Alihamia Gaithersburg kabla maua ya mti wa cherry hayajaisha. Nilisaidia kufunga mizigo. Mabakuli mawili niliyaviringisha ndani ya sweta zake, nikaandika juu ya boksi kwamba ni ya kila siku, siyo ya kuhifadhi. Alikaa kwenye kiti dirishani akitazama nje, akaenda bila kuniaga. Mimi nikastaafu masika hayohayo.

Sikwenda kumwona. Nilitaka kwenda. Nilikuwa naingia barabara ya 270 asubuhi, naendesha mpaka Rockville, karibu kabisa na kwake, natoka hapo, nanunua sukuma wiki na nyanya, narudi nyumbani. Friji yangu ilijaa sukuma kiangazi kizima. Nilijiuliza kama nilimheshimu mtu au nilimfungia mlango. Ningekubaliana naye pale kwenye benchi, angekuwa bado kwake. Au angekuwa mtoni. Majibu yote mawili yaliniamsha alfajiri.

Aliyenisukuma ni Wanjiku. Yeye hakuacha kazi, anasomea uuguzi sasa, na alikuwa ameshakwenda Gaithersburg mara nyingi.

"Auntie, wacha nikuambie na heshima," alisema. "Si wewe ndiye ulisema mtu akifika na asirudi ni kama alizama? Sasa huyo mzee atajua aje kama uliwahi kufika kwako?"

"Nani alikwambia nilisema hivyo?"

"Yeye. Anakutangaza huko kama redio."

Nikaenda. Msichana wa zamu alinibonyezea namba mlango ukafunguka, nikasikia ukijifunga nyuma yangu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Mzee Hamada alikuwa kwenye meza ya pembeni, amenyolewa, amekonda. Mbele yake bakuli lake. Upande wa pili, bakuli la pili, wali na vijiti.

"Hawaliondoi?" nilimnong'oneza yule msichana.

"Alitubishia mpaka tukachoka," alisema.

Nilivuta kiti, nikakaa pembeni ili nisizuie bakuli la baba.

"Sogea," alisema Mzee Hamada. "Unakaa mahali pasipo pako."

"Siwezi kukaa hapo, mzee. Hapo ni pa baba."

"Baba tumemaliza habari zake. Kwamba angeweza kufika, tulikubaliana. Kwamba alifika, hatuna ushahidi. Mimi nimezeeka, siwezi kupakulia hoja." Alisogeza bakuli kwa kidole, likaja mbele yangu. "Hili ni la mtu aliye barabarani. Alinifungia maboksi, tukaachana, na hakuna aliyeniambia kama alifika kwake."

Nilishika vijiti vibaya kama kawaida yangu, akavirekebisha kwenye vidole vyangu.

"Kula. Wali umepoa."

Nikala. Alinitazama mpaka nikameza.

"Ukoje?"

"Hauna chumvi, mzee," nilimwambia, nikachukua tonge jingine.